Nimefundisha Miaka Kumi na Tisa kwa Biblia Isiyo na Makabayo

Maman Maisara, mshauri wetu mpendwa,

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu ya yaliyonipata Jumapili ya juzi, na naomba unisaidie wewe kabla sijasaidiwa na baba mudogo wangu, ambaye msaada wake huwa unaanza kwa kuita watu kumi. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kadutu na katekista wa parokia yetu tangu miaka kumi na tisa, nina tumbo kidogo, nina mvi kidogo, na mpaka juzi nilidhani nina akili kidogo pia. Majina yote nimeyabadilisha ili mtaa usinicheke kuliko vile unavyonicheka sasa, wewe niite Cyprien, lakini jina la mama yangu nimeliacha lilivyo, Domitille, maana yeye ndiye anayehitaji kutajwa.

Mama alikufa mwaka jana, mwezi wa saba. Siku mbili kabla ya kufa alinishika mkono, huu huu ninaouandikia, akaniambia kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, halafu akarudia kwa Kiswahili kana kwamba mimi ni mgeni ndani ya nyumba: "Cyprien, unisomeshee misa. Usinisahau kule." Nikamwambia, "Mama, siwezi sahau." Hakuomba kingine, Maman Maisara, hata kaburi la simenti hakuomba. Sasa mwaka unatimia Jumamosi ya tatu kutoka leo, na wewe unajua kwetu misa ya mwaka ndiyo inayomaliza matanga: watu wanatoka kanisani, wanavua nguo za kilio, wanakula pamoja, na tangu siku hiyo mtu anaweza kucheka tena bila kuangaliwa vibaya na majirani.

Basi nina dada mmoja tu, Pascaline, ambaye aliolewa na pasta wa Kiprotestanti, Philémon, wanakaa Muhumba, naye akafuata kanisa la mume wake kwa moyo wote. Huyo Philémon ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kusoma habari redioni, mtu ambaye siwezi kumchukia hata nikijaribu, na nimejaribu. Jumapili hiyo tulikutana kwangu watu kumi na wawili kupanga siku ya misa, mwenyekiti akiwa baba mudogo Jacques, mdogo wa marehemu baba yangu, na mambo yalikuwa yanaenda vizuri, bugali ilikuwepo, sombe ya majani ya muhogo ilikuwepo, sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilikuwepo, mpaka baba mudogo akafuta mdomo na kuuliza:

"Pasta, na wewe siku ya misa utatusomea somo gani?"

Philémon akaweka kikombe chini polepole. "Baba, sisi tutakuja. Tutakula na ninyi, tutalia na ninyi, na viti vya kanisa letu nitavileta. Lakini mu misa hatutaingia. Mama alishaenda, Mungu anamujua. Kumuombea mutu alishakufa, miye sijaisoma fasi yoyote."

Hapo ndipo ningepaswa kuongeza sambaza mdomoni. Lakini katekista akiulizwa swali ni kama askari akisikia filimbi, anasimama kabla hajajua ni filimbi ya nani.

"Imeandikwa," nikasema.

"Wapi, shemeki?"

"Mu Biblia."

"Wapi mu Biblia?"

"Wamakabayo wa pili, sura ya kumi na mbili!" Nilitoa hiyo bila kupumua, maana naijua tangu mafunzo: Yuda Makabayo na watu wake wanawaombea askari wao waliokufa vitani, wanapeleka sadaka Yerusalemu kwa ajili ya dhambi zao. Marcelline, mke wangu, akanikanyaga mguu chini ya meza. Mguu ukasikia, kichwa hakikusikia. Nikasimama, nikasema maneno ambayo mpaka leo yananiamsha usingizini: "Kama haiko, misa haiko! Mbele yenu wote! Nisipokuonyesha leo, misa ya mama naifuta kwa mkono wangu!"

Nikaenda kuchukua Biblia yangu. Ni lazima nikueleze hiyo Biblia. Nilipotumwa kuwa katekista, mama yangu, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, alikwenda mwenyewe soko la Nyawera akamwendea muuza vitabu na kumuuliza kama hiyo Biblia ni ya kweli, na yule muuzaji akamwambia, "Mama, kila kitu iko ndani." Akaniletea imefungwa ndani ya kitenge kipya. Ina jalada jekundu, na kwa kubebwa kwapani miaka kumi na tisa imechukua umbo la mbavu zangu.

Nikafungua mbele ya watu wote. Ezekieli, Danieli, Hosea, tukashuka mpaka Malaki. Nikageuza ukurasa: Matayo. Nikarudi nyuma: Malaki. Nikalamba kidole nikageuza tena kwa ustadi zaidi: Matayo. Maman Maisara, nilipuliza hizo kurasa nikidhani zimegandana. Baba mudogo akasema, "Soma, tusikie." Nikasema, "Nakuja." Binti yangu Fabiola akaninong'oneza, "Papa, angalia mu orodha ya mbele," nikaangalia orodha ya mbele, nikaipitia kwa kidole kama mtu anayetafuta jina la mtoto wake kwenye matokeo ya mtihani, na Makabayo hakuwepo, wala wa kwanza wala wa pili, wala ndugu yake yeyote.

Na hapo katika aibu yangu nikafanya aibu ya pili, nikamgeukia Marcelline. Kwa sababu miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa natayarisha somo kutoka kitabu cha Hekima, nikakitafuta nyumbani nisikione, na kwa kuwa wakati ule Marcelline alikuwa anauza karanga mbele ya mlango, nilihukumu kwamba alichana zile kurasa kufungia karanga. Aliapa, akalia, mimi nikamsamehe. Nilimsamehe, Maman Maisara! Nilimsamehe kosa ambalo hakulifanya, tena kwa sauti, mbele ya watoto! Sasa Jumapili hiyo nilipomgeukia aliweka mikono kiunoni akaniuliza mbele ya ukoo mzima, "Ni karanga zangu tena, Cyprien?"

Philémon ndiye aliyeniokoa, au aliyenimaliza, mpaka leo sijajua. Aliomba Biblia kwa mikono miwili, akafungua ukurasa wa kwanza kabisa, akasoma yale maandishi madogo ambayo mimi sijawahi kuyasoma, halafu akasema kwa sauti ya chini kama daktari: "Shemeki, usikasirike. Hii iko Biblia yetu."

"Yenu na nani?" akauliza baba mudogo.

"Ya Waprotestanti, baba. Miye niko na kama hii nyumbani, ile ile, jalada tu ndiyo nyeusi. Vile vitabu saba vya Wakatoliki haviko ndani."

Baba mudogo akanigeukia: "Kwa hiyo mualimu wetu, miaka yote, anafundisha batoto ba Bikira Maria mu kitabu ya Baprotestanti?" Watu wakapasuka kucheka, hata mimi ningecheka kama kichwa hicho kingekuwa cha mtu mwingine. Lakini mimi nilikuwa nimeshtuka, na mshtuko wenyewe haukuwa mmoja. Nilijiuliza nimewezaje kukaa miaka kumi na tisa bila kuona, na jibu nililipata hapo hapo na likanishtua upya: masomo ya misa tunayasoma kwenye kitabu kikubwa cha kanisani, kile hakitoki kanisani, watoto nawafundisha kwa katekisimu, na Biblia yangu, ukiacha siku ile ya karanga, niliifungua kwa Zaburi na Injili tu, siku zingine niliibeba. Makabayo niliyasikia kila mwezi wa kumi na moja, tukiombea marehemu, kwa masikio. Kwa macho yangu, nyumbani kwangu, kamwe. Na mshtuko mkubwa ukaja nyuma ya yote: mama aliyeomba misa ndiye aliyeninunulia, kwa mapenzi yake yote, kitabu kisichomwombea.

Nikajitetea. "Kesho naazima Biblia ya abbé wa parokia, nakuonyesha!"

"Shemeki, hata ukiileta," Philémon akajibu. "Kile kitabu tunaweza kukisoma kama habari za zamani, hakina ubaya. Lakini hakitufungi. Kwetu fundisho linasimama juu ya Maandiko peke yake, na kile kwetu haiko Maandiko."

"Nani alisema haiko Maandiko?"

"Na nani alisema iko Maandiko?"

"Kanisa!"

"Ndiyo pale tunaachana, shemeki," akasema, bila kucheka.

Baba mudogo alikuwa ameacha kucheka pia. Alishika kofia yake mikononi akaizungusha. "Ngojeni," akasema. "Miye sikusoma mingi. Baba yako, Cyprien, tulimusomeshea misa. Babu yako, tulimusomeshea misa. Sasa kama mulango haiko, tulikuwa tunagonga wapi?" Mimi na Philémon tukarudi kwenye ubishi wetu wa orodha ya vitabu. Ndipo akasimama: "Cyprien, umesema mwenyewe, kama haiko misa haiko. Tumefungua, haiko. Hakuna misa mpaka ninyi wawili mukubaliane." Akavaa kofia akaenda, na Pascaline akamfuata nje akilia, sijui analilia nini, yeye ambaye hata hivyo asingeingia.

Sasa mama wadogo wangu wawili wameshatuma habari kutoka Luhwindja kwamba watashuka Alhamisi ya juma lile la misa. Abbé hajui chochote. Biblia ya mama nimeificha ndani ya mfuko wa unga. Nimeazima ya Kikatoliki kwa mwalimu mwenzangu, Makabayo nimewaona kwa macho, wapo, sura ya kumi na mbili ipo. Nina mawazo matatu. La kwanza, niende Jumapili hii kanisani kwa Philémon, wakifika saa ya ushuhuda nisimame niwasomee sura nzima, wasikie wenyewe. La pili, nifute misa kama nilivyosema, maana neno la mwanaume likitoka limetoka. La tatu, nimwombe abbé amtaje mama kwenye misa ya alfajiri ya siku ya kazi, niende peke yangu, nisiambie mtu. Nichague lipi? Niambie haraka, Maman Maisara, na unigombeze taratibu, mke wangu anaendelea na yake.

Ni mimi,
Katekista aliyeangukia katikati ya Malaki na Matayo, Kadutu.


JIBU LA MAMAN MAISARA

Mwalimu Cyprien,

Barua yako nimeianza nimesimama jikoni nikaimaliza nimeketi chini, mpaka mume wangu Sumaili akauliza nani amefariki. Nikamwambia bado hajafa mtu, ila kuna katekista wa Kadutu anajaribu.

Najua wasomaji watauliza: huyu mama wa Kiislamu kutoka Uvira anaingiaje katika ugomvi wa Makabayo? Ninaingia kwa sababu nilisoma kwa masista miaka sita na sura yako ya kumi na mbili niliisikia kabla hujaota ndevu. Tena timu zote mbili si zangu, kwa hiyo hakuna atakayesema refa amenunuliwa. Hata hivyo sikutaka kukurupuka. Nilikwenda kwa padri mmoja mzee aliyestaafu, kisha nikaenda kwa jirani yangu Maman Christine, shemasi katika kanisa la Kiprotestanti, mwanamke anayeijua Biblia kama mimi ninavyojua bei ya nyanya. Wote wawili walicheka kwanza. Kisha walinijibu vizuri kuliko ulivyomjibu shemeji yako.

Lakini kabla ya Yerusalemu, tuanze jikoni. Miaka kumi na moja mwanamke ameishi na msamaha wa kosa asilolifanya. Haya! Wewe unatafuta kama imeandikwa kuwaombea wafu, na aliye hai hapo mbele yako hujamwomba radhi. Ulimsamehe kwa sauti mbele ya watoto, basi mwombe msamaha kwa sauti ile ile, mbele ya watoto wale wale, leo kabla ya chakula. Ukimaliza hilo urudi uendelee kusoma.

Umerudi? Vizuri.

Wewe umeshtuka kwamba kitabu hakimo. Mimi kilichonifanya niketi chini ni kingine: kwamba uliiweka misa ya mama yako katikati ya meza kama jogoo wa kushindaniwa. Mama alikuachia jambo moja, moja tu, nawe ukaliwekea sharti kwa sababu mtu mpole alikuuliza "wapi". Swali lake halikuwa tusi, Mwalimu. Sikiliza Maman Christine alivyonieleza: "Sisi tunaogopa kumwekea Mungu maneno mdomoni. Pasta anaweza kukosea, mababa wanaweza kukosea, mkutano mzima wa wakubwa unaweza kukosea, kwa hiyo kila fundisho tunalipeleka mbele ya Maandiko likahojiwe. Desturi tunazo, walimu tunao, tunawaheshimu, lakini hakimu ni mmoja. Kisichoonyeshwa mle hatumfungi mtu nacho." Ndivyo alivyolelewa Philémon. Alipokuuliza "imeandikwa wapi" alikuwa anakuuliza kwa heshima ya hali ya juu anayoijua.

Sasa sikiliza yule padri mzee wa upande wako, maana inaonekana wewe katekista ulikuwa umetoka kidogo siku mlipofundishwa hili. "Sisi," alisema, "hatukuanza na kitabu mkononi. Tulianza na mitume waliosimulia, watu waliosikia, waliosali, waliomega mkate, na ndani ya sala hiyo vitabu vikaandikwa, vikasomwa, na Kanisa likasema hivi ndivyo, vile sivyo. Kwa hiyo Maandiko na mapokeo kwetu ni maji ya chemchemi moja, na Kanisa ndilo linalotuonyesha namna ya kuyanywa. Tunawaombea marehemu kwa sababu Wakristo wamewaombea tangu zamani, na Makabayo wanatushuhudia, lakini hata siku ile katekista wako alipokosa ukurasa, Kanisa halikukosa sala."

Umeona ulipojikwaa? Si katikati ya Malaki na Matayo. Ulijikwaa ulipokubali kwamba jambo la kwenu lote linasimama au linaanguka kwa mstari mmoja, mchana mmoja, mbele ya sambaza. Hiyo ni kanuni ya shemeji yako, ni kanuni ya heshima, lakini haikuwa yako. Uliingia uwanjani kwake, ukacheza kwa sheria zake, kisha ukashangaa kukuta goli halipo mahali ulipolizoea.

Na usiniambie kwamba hukuwa na jibu bila zile kurasa. Mama yako hakujua kusoma jina lake. Alijuaje kuomba misa? Alisikia kwa mama yake, kanisani, mwezi wa kumi na moja, mwaka baada ya mwaka, kwa masikio, kama wewe. Wewe umeona aibu kwamba Makabayo uliwajua kwa masikio tu. Padri mzee alipopafikia hapo katika barua yako alitoa miwani akaifuta. "Huyu," akasema, "amelelewa Kikatoliki kabisa, ila mvivu wa kusoma." Lichukue hilo lote, na nusu ya pili usiiache.

Biblia ya mama itoe kwenye unga. Umemwona nani anaficha zawadi ya marehemu pamoja na panya? Padri anasema vitabu sitini na sita vilivyomo ni vyenu vyote, hakuna ulichowafundisha watoto kutoka mle ambacho si halali yenu. Vimepungua saba, ndiyo. Basi tafuta ya pili yenye vyote, uziweke mbili pamoja, na ukurasa wa kwanza wa kila moja uusome safari hii. Na abbé mwambie wewe mwenyewe, kesho, kabla mtaa haujamwambia kwa nyongeza. Atacheka. Utapona.

Sasa mawazo yako matatu.

La kusimama kanisani kwa watu na kuwasomea Makabayo: thubutu! Ungefurahi Philémon akisimama kwenu wakati wa matoleo awasomee barua kwa Waroma? Halafu hata haifai kitu. Amekuambia wazi kwamba kwao kitabu hicho si hakimu. Utapiga kelele katika baraza ambalo halijampokea shahidi wako, utatoka umeridhika peke yako, na dada yako ndiye atakayebaki mle ndani na macho ya watu.

La kufuta misa kwa sababu neno la mwanaume likitoka limetoka: na lile ulilomwambia mama yako ukishikwa mkono, lilitoka kwa nani, kwa mwanamke? Hilo lilitangulia. La mezani lilikuwa ahadi juu ya kitu kisicho chako. Mtu hawezi kuapa kwa mbuzi wa jirani, na akiapa, mbuzi habadiliki kuwa wake.

La kumtaja alfajiri kwa siri: mama yako hakuiba kitu. Kwa nini aombewe kwa kunyatia? Umeandika mwenyewe kwamba misa hii inawaruhusu watu kucheka tena. Utamruhusuje mtu asiyejua?

Kuna swali moja katika barua yako linalostahili jibu, nawe ulilipita mbio. Ni la baba mudogo wako: tulikuwa tunagonga wapi? Mzee huyo amezika kaka, amezika baba, na Jumapili hiyo mliondoa sakafu chini ya miguu yake, kisha mkabaki mnabishana kuhusu orodha. Nenda kwake. Usimwite kwako, nenda wewe, na ile Biblia uliyoazima, umsomee sura hiyo polepole, kwa sababu yeye ni Mkatoliki na kwake hayo ni Maandiko, hana haja ya ruhusa ya Muhumba. Mwambie misa zile hazikupotea. Usimhubirie, msomee tu, akikuambia rudia, rudia. Kisha kwa heshima zote mwambie sharti lake haliwezekani. Wakubwa wa pande zote mbili, wenye kofia za kila rangi na digrii za kila nchi, wamejaribu kukubaliana juu ya jambo hili kwa miaka mia tano. Yeye amewapa ninyi majuma matatu.

Ukitoka hapo panda Muhumba, wewe na Marcelline, na msiende na kitabu chochote. Mwambie Philémon maneno matatu: nilisema kwa hasira, nimeirudisha ahadi isiyokuwa yangu, misa ya mama ipo. Mshukuru pia. Ndiyo, mshukuru! Angeweza kunyamaza akuache ulambe kidole mpaka jioni. Alikwambia ukweli kwa sauti ya chini na mikono miwili. Viti alivyoahidi vipokee vyote. Na umwombe jambo analoweza kulitoa bila kuvunja dhamiri yake: Maman Christine ananihakikishia kwamba kwao kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu hakuna ubaya wowote. Basi nyumbani, kabla ya chakula, yeye ndiye ashukuru kwa ajili ya Domitille, kwa hiyo sauti yake ya redio, na wewe useme amina bila kutafuta kosa. Mstari utakaojadiliwa siku hiyo ni ule wa kunawa mikono.

Amebaki Pascaline. Unasema hujui analilia nini. Ndugu yangu, mama alikuwa wa nani, wako peke yako? Amefiwa kama wewe, na imani yake inamwambia asiingie mahali ambapo ndugu zake wote wameingia kumlilia mama yake. Usimbembeleze aingie. Usimwulize mbele ya watu. Usimtume Fabiola akamwangalie amesimama wapi. Mwambie tu saa ya misa, na kwamba kwenye uwanja wa kanisa kutakuwa na viti.

Na siku hiyo, baada ya baraka, usibaki mbele ya altare kupokea pole za parokia nzima kama bwana harusi. Uwe wa kwanza kutoka. Nenda moja kwa moja uwanjani alipo dada yako, uketi naye, kabla mama wadogo wa Luhwindja hawajamfikia kumuuliza kwa nini hakuingia.